Yai Katika Ndoo ya Nne

Yai lilipatikana saa kumi na mbili na robo asubuhi, na kufikia saa moja lilikuwa limewekwa kwenye sahani, limefunikwa bakuli, na juu ya bakuli ikawekwa Biblia ya Kirundi, ile kubwa ya jalada jeusi. Shangazi Médiatrice hakupiga kelele. Mtu aliyemfahamu angejua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa dalili mbaya, maana mama huyu alikuwa na sauti ya kujaza kanisa zima bila kipaza sauti. Akinyamaza, ujue mambo yamefika shingoni.

"Annick," aliita kwa upole wa kutisha. "Kuja hapa, mwanangu. Usiguse kitu."

Annick alitoka chumbani amejifunga kitenge, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Alipoona sahani, bakuli na Biblia vimepandana pale mezani, alisimama palepale. Hakuhitaji kuambiwa kilichokuwa chini ya bakuli. Alikuwepo jana jioni kilipozikwa. Tena si kuwepo tu, yeye ndiye aliyesimama mlangoni kuchungulia kama Shangazi anatoka bafuni.

"Nimelikuta katika ndoo ya nne," Shangazi alisema. "Nilikuwa napunguza miche. Kijiko kikagonga kitu."

Ndoo hizo zilikuwa saba, ndoo kubwa za rangi, zimepangwa kwenye balkoni ya ghorofa ya tisa, South Beach, ufukweni Durban, na kila moja ina namba yake. Wapangaji wengine wa jengo lile walitoka kwenye balkoni kutazama bahari. Shangazi Médiatrice aliipa bahari mgongo. Alikuwa amezaliwa mlimani, Ngozi kule Burundi, kwa watu wa jembe, na Durban ilikuwa imempa kazi ya kufua mashuka ya hoteli na nyumba isiyo na hata kiganja cha udongo. Kwa hiyo aliupandisha udongo mwenyewe, mfuko kwa mfuko, lifti ikiwa imekufa, akajilimia lengalenga, mchicha wa kwao, angani. Ukitaka kugombana naye maisha yenu yote, gusa ndoo zake.

Na leo, kati ya siku zote za mwaka, ndiyo ilikuwa siku ya présentation. Saa nne Gaël, mchumba wa Annick, angefika na mjomba wake kujitambulisha rasmi. Baba yake Annick alikuwa marehemu, na Shangazi, dada yake, ndiye aliyemlea binti tangu ana miaka saba. Neno lilikuwa lake peke yake. Akisema ndiyo, kuna harusi. Akisema hapana, hakuna pa kukata rufaa. Alikuwa amekwisha kuweka sharti lake mapema: "Mukongomani, bon, nitavumilia. Lakini awe mutu wa Mungu."

Sema, Annick alijiambia. Fungua mdomo. Sema sasa hivi. Mdomo ukagoma.

Papa Salvator, mzee wa kanisa na msemaji wa familia kwa siku hiyo, alifika saa mbili moja kwa moja kutoka zamu yake ya ulinzi bandarini, bado amevaa sare na kirungu kiunoni. Shangazi aliondoa Biblia, akafunua bakuli. Wote watatu wakainama.

Lilikuwa yai jekundu lililokoza, nusu moja limechorwa jua, nusu nyingine mwezi. Katikati lilikuwa limezungushiwa uzi wa nywele nyeusi zenye wekundu kidogo.

"Jua na mwezi," Papa Salvator alisema polepole. "Huu si uchawi wa kijijini. Hapa iko mutu aliyesoma."

"Na nywele za mtoto wangu," Shangazi alisema.

"Shangazi, hiyo ni mèche tu, nywele za kununua," Annick alijaribu. "Ya salon. Ninamsuka nayo kila mutu."

"Ndiyo. Na nani amechukua hii moja?"

Annick alimjua. Aliyeichukua aliiomba kwa kinywa chake mwenyewe, akaifunga kwenye yai akitabasamu, na kumwambia kwamba siku mchana na usiku vinapolingana, kila mmoja anazika yai penye udongo wa kwao ili mwaka uzae. "Na kwenu udongo uko ndani ya ndoo," Gaël alikuwa amesema. "Nifanye nini?" Wakati ule jambo hilo lilionekana tamu sana. Jioni mapenzi hayana akili.

"Ni Julienne," Shangazi alitangaza.

Julienne aliishi ghorofa ya sita, akiimba sauti ya pili kwayani, na alikuwa na makosa mawili makubwa. Alitaka kuimba peke yake Krismasi. Na mwezi uliopita alikuwa ameomba mbegu za lengalenga, akanyimwa.

"Nampigia simu," Shangazi alisema. "Apande hapa ajibu mbele yako, Papa, na mbele ya wageni. Wakwe wajue adui wa nyumba hii ni nani."

"Shangazi, labda tungojee kwanza," Annick alisema.

"Tungojee nini? Mpaka liangue vifaranga?"

Simu ikapigwa. Julienne alisema anaoga na kujipamba kwanza, atapanda saa nne na nusu. Annick alirudi chumbani kumalizia kichwa chake, akasuka kipande kimoja mara mbili.

Alimwona Gaël kwa mara ya kwanza Mobeni, mwaka uliopita. Mobeni ni magodauni na malori, lakini nyuma ya ukuta mmoja wa matofali palikuwa na bustani ya miche ya mama mmoja mzungu, Mama Glenda, na Annick alikwenda kutafuta mshubiri wa kutengenezea nywele za wateja. Kijana mwenye udongo magotini alimwambia arudi Juni aone unavyotoa maua. Annick alirudi Juni. Alirudi na Mei pia, kwa kujisahau.

Siku ile ya Juni alikuta moto umewashwa bustanini na watu wapatao kumi wameuzunguka, wamevaa mataji ya majani, wanakunywa supu. Ilikuwa siku fupi kuliko zote za mwaka. Mama Glenda na rafiki zake walikuwa na sikukuu nane za majira, ya siku fupi, ya siku ndefu, ya mavuno ya kwanza na kadhalika, na kwa kuwa vitabu vyao viliandikwa Ulaya, ambako Juni ni joto, walivigeuza kichwa chini miguu juu ili vikubaliane na Durban. Wenyewe walijiita wapagani, tena kwa raha zao, kama mtu anavyokutajia timu yake ya mpira. Annick alitaka kukimbia. Ndipo alipomwona Gaël akija na kuni begani, taji limemwegemea sikio moja.

"Usiogope," alimwambia. "Miye ni mukristo, sijaacha. Lakini nilifanya kazi ya godauni miaka mitatu, Annick. Mule ndani usiku na mchana taa ni ile ile. Siku moja mutu ananiuliza tuko mwezi gani, nikashindwa. Nikaona, eish, nimepotea kabisa. Hapa njo nilijua tena. Baridi inatoka, ndege wanarudi, mbegu hii sasa, ile bado. Sasa najua niko siku gani ya Mungu."

Alisema hivyo bila kujitutumua, akitazama moto. Annick alimpenda hapo hapo, na lile taji likiwa limepinda vilevile.

Saa nne kamili mlango uligongwa. Tonton Barthélemy, mjomba wa Gaël, aliingia kwanza, mtu mnene mwenye duka la simu, jasho likimtiririka kwa ngazi za ghorofa tisa. Gaël alifuata ndani ya suti ya kuazima iliyomfupia mikono. Macho yake yalimtafuta Annick. Yalipompata, yakacheka, halafu yakasoma uso wake, yakaacha kucheka.

Wakaketi. Fanta zikafunguliwa. Papa Salvator akaomba kwa kirefu, akiwataja maadui wa siri kwa mkazo ambao Tonton Barthélemy aliuitikia kwa amina kubwa bila kujua anaitikia nini. Kisha Tonton akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Wazazi wetu," alianza, "sisi tulikuwa wapita njia. Tukapita hapa kwenu, tukatupa jicho shambani, tukaona ua. Donc, tumekuja kuuliza mwenye shamba."

"Na mimi," Shangazi alijibu, "nimetupa jicho katika shamba langu leo asubuhi. Nimeona kitu pia."

Tonton alicheka kwa adabu, akidhani ndivyo wenyeji wanavyojibu. Akaketi. Macho yake yakaangukia sahani iliyofunikwa, na kwa kuwa hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, alielewa mambo kwa namna yake. "Merci, mama," alisema. "Hatukutegemea kukirimiwa haraka hivi." Akainua Biblia kwa heshima, akaibusu, akaiweka pembeni. Akafunua bakuli.

"Yai," alisema. Akahesabu kwa macho watu waliokuwa chumbani. "Moja."

Gaël alikuwa amebadilika rangi. Tonton alikwisha kulishika na kuanza kutafuta pa kuligonga.

"Ukilimenya hilo," Shangazi alisema, "utajibu mbele ya Mungu."

Tonton alilirudisha kama mtu aliyeshika kaa la moto. Ndipo Papa Salvator alipoeleza yote: ndoo ya nne, kijiko, jua, mwezi, nywele. "Adui tunamjua," alimalizia. "Iko njiani anapanda. Tunataka nyinyi wakwe mushuhudie."

Kwa mbali, ghorofa za chini, mlango ulifungwa, na viatu vya mwanamke vikaanza kugonga ngazi. Annick alimtazama Gaël. Alijua kama anavyojua jina lake kwamba mtu huyu hatamwacha Julienne abebe mzigo usio wake, na ndiyo sababu alimpenda, na ndiyo sababu dakika moja baadaye angempoteza.

"Ile yai iko yangu, Mama," Gaël alisema. "Ni mimi niliiweka."

"Na mimi nilisimama mlangoni," Annick alisema haraka, kabla ujasiri haujamponyoka. "Kama ni kosa, ni la wawili."

Shangazi aliwageukia mmoja mmoja. Gaël alieleza, kigugumizi kikimpanda na kushuka, habari za Mama Glenda, mchana na usiku kulingana, sikukuu nane, dunia kuzaa. Alieleza vizuri. Angeeleza vizuri zaidi kama asingelitaja lile neno.

"Wapagani," Papa Salvator alirudia.

"Ndiyo, Papa. Lakini ni watu wazuri. Wanaleta keki."

Tonton Barthélemy alishika kichwa. "Nimepanda ghorofa tisa," alisema peke yake. "Tisa."

"Kaka yangu," Shangazi alisema, na sasa sauti ilimkwaruza, "aliniachia kitu kimoja tu duniani. Nimemvusha mipaka mitatu nikiwa nimemshika mkono. Sikumshika ili aje kuchanganywa na mayai ya mashetani. Présentation imekwisha. Asante kwa kuja."

Tonton alisimama, akatazama Fanta yake, akaimaliza. Annick alihisi machozi yanamshuka na hakuyafuta. Gaël alifika mlangoni, akashika kitasa, akasimama. Alikuwa anatazama balkoni.

"Mama, samahani. Neno moja tu, halafu naenda. Ndoo ya tano iko wazi. Mbona haujapanda?"

Kama angeomba msamaha, asingejibiwa. Lakini hilo lilikuwa swali la kilimo.

"Mwezi unakufa," Shangazi alijibu kabla hajajizuia. "Nani anapanda mwezi ukifa? Natia majivu kwanza. Mpya ukionekana, ndiyo napanda."

"Majivu siku ngapi mbele?"

"Tatu."

"Na unachanganya kitu?"

"Maganda ya ma..." Shangazi alisita.

Papa Salvator alikohoa. Annick aliufuta uso kwa kiganja.

"Maganda ya mayai, Shangazi," alimalizia taratibu. "Kila ndoo. Na ukishapanda unaziambia mbegu zilale vizuri, nimekusikia. Na mchumo wa kwanza huuzi wala humpi mgeni. Tunaula sisi watu wa nyumba tu, wima, pale penye ndoo. Tangu niko mtoto."

"Mama yangu alifanya vile kwa mtama," Papa Salvator alisema, na uso wake mkali ukalainika ghafla. "Ugali wa kwanza hakuna mgeni anayeonja. Kwetu Gitega tuliketi lakini. Hatukusimama."

"Gitega hamjui kitu. Ni kusimama."

"Médiatrice, mama yangu alikuwa..."

"Kusimama, Papa Salvator. Ardhi inatoa, wewe unakaa?" Kisha aligundua kwamba wote wanamtazama, akavuta kitenge chake. "Hiyo si upagani. Hiyo ni kulima."

"Njo vile hata Mama Glenda anasema," Gaël alijibu kwa unyenyekevu mkubwa.

Shangazi alilichukua lile yai. Alilipima kiganjani, akaligeuza upande wa jua, upande wa mwezi, kisha akaligonga kwenye ukingo wa meza. Ganda lilipasuka. Hakikutoka kitu.

"Limechemshwa," alisema.

"Ndiyo, Mama. Ili rangi ishike."

"Umezika yai lililochemshwa." Hapo ndipo sauti yenyewe ilipoamka, ile ya kanisani, hata glasi zikasikia. "Udongo ufanye nini na yai la kuchemsha? Utengeneze salade? Yai bichi linaoza, linalisha. Hili lingekaa humo mpaka Yesu arudi. Na umelizika katikati, juu ya mizizi. Miche sita imekatika. Sita, Gaël!"

Annick alishtuka. Kwa miezi saba Shangazi alikuwa amemwita mtu huyu "yule", "mukongomani", na siku za furaha, "rafiki yako". Jina lake halikuwahi kupita kinywani humo. Gaël naye alilisikia. Alisimama palepale na suti yake fupi, akipigiwa kelele, na akaonekana mtu mwenye heri kuliko wote South Beach.

"Sikujua, Mama. Nisamehe."

"Sisemi ndiyo," Shangazi alisema baada ya kupumua. "Na sisemi hapana. Ndoo ya nne itasema. Utakuja kila Jumamosi uiponyeshe mwenyewe, na udongo wa bustani yenu, si ule mchanga wa barabarani. Hapa hakuna moto, hakuna taji. Ikifa, nitajua mkono wako hauoteshi kitu, na mtoto wa kaka yangu simpi mkono wa namna hiyo."

Mlango uligongwa. Julienne aliingia amevalia gauni la kwaya na kilemba, amejipaka manukato ya siku ya hukumu, akaangalia wageni, maganda na machozi ya Annick. "Muliniita," alisema. "Iko nini?"

Chumba kizima kilimtazama Shangazi Médiatrice. Yeye hakupepesa macho. Alifungua kabati, akatoa bahasha ndogo iliyokunjwa mara nne, akamkabidhi. "Uliomba mbegu za lengalenga," alisema. "Nimezipata. Usipande kabla ya mwezi mpya."

Jumamosi tano Gaël alizipanda zile ngazi na mfuko wa udongo begani. Shangazi aliketi kwenye stuli kama polisi, akimkosoa namna ya kumwagilia, namna ya kuchuchumaa, hata namna ya kupumua karibu na miche. Annick alikaa mlangoni na mafungu ya mèche mapajani, akijifanya kuyachambua. Katika Jumamosi hizo zote hawakupata hata dakika moja ya peke yao. Walikuwa na vidole tu, vikikutana chini ya ndoo wakati wa kuinua, na jinsi Gaël alivyokuwa akisema "hapa" au "polepole", akimaanisha mambo mengine kabisa. Jumamosi ya tatu miche miwili ilinyauka, na Annick hakulala. Ya nne majani yalisimama. Ya tano ndoo ya nne ilikuwa imefura kijani kuliko zote, na Shangazi akasema ni kwa sababu ya maganda.

Jumamosi ya mwisho wa Oktoba aliwaita wote tena, saa saba mchana. Hakusema ni kwa ajili gani. Tonton Barthélemy alifika akihema, na safari hii alikuwa amekula nyumbani kwanza, kwa tahadhari. Papa Salvator aliomba kwa kifupi. Shangazi alileta chakula mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Mbele ya Tonton aliweka kuku mzima wa kukaanga, ndizi na wali, sahani iliyojaa mpaka ukingoni. Tonton alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha Shangazi aliingia tena jikoni na kutoka na sufuria ndogo. Hakuileta mezani. Aliipeleka balkoni, akaiweka sakafuni karibu na ndoo ya nne, ambayo ilikuwa imechumwa, vishina vyake vikiwa bado vibichi.

"Annick," aliita. "Papa Salvator, kuja. Gaël, na wewe."

Annick alitoka wa kwanza. Ndani ya sufuria ilikuwamo lengalenga na karanga, kidogo tu, ya kuonja. Shangazi alimpa Papa Salvator kijiko, akampa Annick, akachukua chake. Halafu akamnyooshea Gaël kijiko cha nne, bila kumtazama, kama mtu anayekabidhi kitu kilichokuwa chake siku zote.

Gaël alikuwa mtoto wa Uvira, aliyekulia sombe, yaani kisamvu, na lengalenga hakuipenda tangu utotoni. Alikula wima, bahari nyuma yake, machozi yakimdondokea kwenye tai, na akakwangua sufuria mpaka chini.

"Mama," Tonton Barthélemy aliita kutoka mezani, paja la kuku mkononi, "na mimi sionji hiyo mboga?"

"Hapana, Tonton," Shangazi Médiatrice alisema. "Wewe ni mgeni."